Saruji haisomi barua za ofisini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu tarehe za kukabidhi kazi. Mimi ni fundi mwashi wa Uyole, mwiko nimeushika tangu 1998.

Mwaka juzi tulipewa madarasa mawili katika kata moja nje ya jiji. Fedha ziliingia katikati ya Mei, na barua ikataka tukabidhi kabla ya Juni 30, mwaka wa fedha unapofungwa. Kikaoni niliuliza kama saruji nayo imepewa nakala ya hiyo barua. Watu wakacheka, tarehe ikabaki palepale.

Anayeijua Mbeya ya mwezi wa sita ananielewa. Asubuhi maji ya pipa yanauma vidole, na kwenye baridi hiyo zege hukomaa polepole. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Kumwagilia tu kunataka wiki nzima kwa uchache. Sisi lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, tulimwaga Jumatatu, Ijumaa tukaamriwa kung'oa mirunda, zile nguzo za miti zinazoishikilia. Kisa? Mbao kutoka Mafinga zilichelewa siku tisa, malipo yakisubiri saini. Siku hizo tisa hakuna aliyetuongezea mwishoni. Zilikatwa kwenye zege.

Ufa ukatokea juu ya dirisha la tatu. Tukaufunika kwa lipu, rangi ikapita, picha zikapigwa Juni 29 watu wakipeana mikono. Februari, mvua zikiwa zimekolea, ufa ukarudi, nami nikaitwa kuurekebisha bila hata nauli.

Sizikatai tarehe. Mafundi nawajua, na mimi nikiwemo: tukiachwa tu, hadi leo tungekuwa kwenye msingi. Hata huku kwetu tofali huchomwa kiangazi kwa sababu kila mtu anajua Novemba mvua haimsubiri mtu. Ila tarehe ile tunaihesabu kurudi nyuma: kupaua lini, lenta lini, msingi lini, na siku za zege kukomaa hazichezewi. Kwa nini ofisini wasihesabu hivyo, fundi akiwa ameketi nao?

Na kama mimi nina tarehe ya kukabidhi, basi anayesaini malipo naye awe na yake, ibandikwe kwenye ubao uleule wa matangazo ilipobandikwa yangu.

Fundi mwashi,
Uyole, Mbeya