Dom Phillips na kurasa zetu za Siku ya Mazingira

Mhariri,

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, magazeti yetu hujaa picha za viongozi walioshika miche, na hotuba zao huchapishwa karibu neno kwa neno. Ilikuwa tarehe hiyo hiyo, mwaka 2022, ambapo Dom Phillips, mwandishi wa habari Mwingereza aliyehamia Brazil mwaka 2007, aliuawa kwa risasi kwenye Mto Itaquaí, ndani ya Amazoni, pamoja na Bruno Pereira, Mbrazili aliyebobea katika masuala ya jamii za asili. Naomba nafasi katika safu yako nimkumbuke, kwa kuwa naamini kazi yake inawahusu wahariri kuliko hata waandishi.

Phillips hakuanza na misitu. Huko London alikuwa mhariri wa Mixmag, jarida la muziki wa dansi, na alipofika Brazil aliandikia magazeti kadhaa, likiwemo The Guardian, kama mwandishi wa kujitegemea. Miongoni mwa kazi zake nzito ni ile ya biashara ya ng'ombe, aliyoifanya pamoja na waandishi wenzake: mifugo inayonenepeshwa kwenye ardhi iliyofyekwa kinyume cha sheria huhamishiwa kwanza shamba la pili lenye nyaraka safi, ndipo ipelekwe machinjioni, hivyo mnunuzi wa nyama hawezi kujua imetoka wapi. Habari ya namna hiyo haitolewi kwenye mkutano na waandishi. Kuna mtu lazima ayafuate malori.

Mwaka 2018 aliingia Bonde la Javari, eneo la jamii za asili lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 85,000, zaidi ya mara tatu ya Rwanda, ambamo baadhi ya watu wamechagua kujitenga kabisa na ulimwengu wa nje. Alimwonyesha msomaji Pereira akiwa amechuchumaa topeni kando ya moto, amevaa kaptula na kandambili, akipasua kwa kijiko fuvu la nyani aliyechemshwa ili ale ubongo wake, huku akijadili sera za serikali. Mwaka uliofuata Pereira aliondolewa kwenye wadhifa wake serikalini, akaenda kufanya kazi na UNIVAJA, umoja wa jamii za bonde hilo, akiwasaidia wenyeji kuunda doria zao za kuwabaini wavuvi haramu. Phillips alirudi kuzishuhudia doria hizo, safari hii kwa ajili ya kitabu, na hakutoka hai. Polisi wa Brazil waliyahusisha mauaji hayo na uvuvi haramu.

Walipotoweka, wa kwanza kuingia mtoni kuwatafuta, siku ile ile, walikuwa wenyeji wenyewe, na waliendelea hadi mabaki ya miili yalipopatikana siku kumi baadaye. Watu wa aina hiyo, katika kurasa zetu, huwa ni wahanga wa kuonewa huruma tu. Ni nadra mno kuwaona wakinukuliwa kama wajuzi wa ardhi yao.

Siku 18 baada ya mauaji yale, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa Arusha, iliiamuru Kenya iwalipe Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, fidia ya shilingi 157,850,000 za Kenya na kuwapa hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa Sasimwani, Narok. Ili msomaji aelewe kilichotokea kati ya tarehe hizo mbili, alipaswa kuwapo mwandishi anayerudi Mau mara kwa mara hata pasipo hukumu wala bomoabomoa.

Hapa Tanzania Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati za kimila za pamoja mwaka 2011, na sasa msitu wao umo katika biashara ya kaboni, yaani fedha hulipwa ili miti inayohifadhi hewa ukaa isikatwe. Nani anaipima miti hiyo, na fedha zinagawanywaje kijijini? Ningefurahi gazeti lako limkabidhi mwandishi mmoja suala hili kwa mwaka mzima, limlipie nauli, malazi na bima ili asitegemee bahasha ya mwenyeji wake, na lisimwite mjini kwa sababu tu waziri anazindua kisima.

Msomaji wako,
Arusha