Kasha la usukani si kabati la jikoni

Mhariri,

Katika karakana za hapa Nairobi huletwa, zikiwa juu ya trela, boti kuukuu za faibaglasi ambazo wenyewe wanataka usukani uhamishwe kutoka ubavuni hadi katikati, ili nahodha aendeshe akiwa amesimama na wavuvi wapate njia ya kupita pande zote mbili. Wazo lenyewe ni zuri. Linaloniudhi ni kuona kazi hiyo ikikabidhiwa fundi wa makabati, ambaye hulijenga kasha la usukani, yaani lile sanduku la kusimama linalobeba usukani, kwa mbao nzito, akalifunga kwa skrubu juu ya sitaha na kumalizia kwa rangi ya kung'aa.

Sitaha ya boti ya miaka thelathini haiaminiki kwa macho. Nyingi zilijengwa kwa plaiwudi iliyofunikwa faibaglasi, na maji yakishapenya kwenye tundu moja la skrubu, mbao huoza ndani kwa ndani huku juu pakionekana pazima. Fundi aigonge yote kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima hutoa mlio mkavu, palipooza hutoa sauti nzito iliyofifia. Boti inapopiga wimbi, nahodha hujishikilia kwenye kasha hilo kwa uzito wake wote, kwa hivyo ni lazima lishikwe na boriti zilizo chini ya sitaha, ama chini yake pagandishwe ubao wa kuongeza nguvu, na bolti zipite hadi upande wa pili zikiwa na washa (vile vibati vya duara vyenye tundu) pana. Kila tundu litobolewe kubwa kuliko bolti, lijazwe epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji), kisha litobolewe upya likishakauka, ili maji yasiifikie mbao kamwe.

Kuhusu plaiwudi, ile ya baharini yenye chapa ya BS 1088, yaani kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti, ni ghali, lakini gundi yake hustahimili maji na tabaka zake za ndani hazina mapengo. (Chapa hupigwa hata na matapeli, mnunuzi aombe kipande, akichemshe kwa saa kadhaa, na tabaka zikianza kuachana atafute duka jingine.) Unene wa milimita 9 au 12 unatosha ukifunikwa faibaglasi, na anayeongeza unene kwa hofu anajiongezea mzigo tu.

Mzigo huo una gharama kubwa kwetu wa nyanda za juu. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, ile ya nguvu-farasi 40 hufanya kazi huko kama ya 33 hivi. Tena uzito ukikaa juu, boti huyumba zaidi. Ndiyo maana kasha liwe jepesi na betri iwekwe chini kabisa ndani yake, imefungwa kwa mkanda, na fyuzi yake iwe karibu nayo.

Kabla ya kushika msumeno, mwenye boti akate katoni, azipange mahali pa kasha, asimame na kushika usukani wa kubuni. Hapo ndipo ataona kama anaiona omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, vizuri, kama magoti yanagonga, na kama mtu aliyebeba ndoo anapita ubavuni. Vilevile apime njia ya kebo ya usukani kabla ya kuinunua, kwa sababu ile ya zamani huenda isifike, na kebo iliyokunjwa kwa kona kali huufanya usukani kuwa mzito.

Ningeomba pia KMA, mamlaka inayosimamia usalama wa vyombo vya majini nchini, iwaagize wakaguzi wake waingize mkono ndani ya makasha haya na kuzikagua bolti kwa upande wa chini, badala ya kuhesabu jaketi za kuokolea maisha pekee.

Fundi wa faibaglasi,
Kariobangi, Nairobi