Kabla hujapanda ndege, jifunze kuulizia choo

Mwanangu mpenzi,

Hapa Tanga sote wazima. Ulipokuja Idi nililipekua daftari lako la Kijerumani, limejaa maneno ya wodini: mgonjwa, kitanda, sindano. Vizuri, ndiyo kazi unayokwenda kuisomea. Lakini sikuona popote ulipoandika namna ya kuulizia choo, na hilo linaninyima usingizi.

Mimi nilipofika Ujerumani mara ya kwanza nilibanwa na haja stesheni, nikashindwa kuuliza. Maneno nilikuwa nayo, aibu ndiyo iliyonifunga mdomo. Tumelelewa kunong'ona "naomba kwenda msalani", tena kwa mtu tunayemjua. Nilizunguka nusu saa na mizigo, machozi yananilengalenga. Sitaki yakupate.

Sema hivi: Entschuldigung, wo ist hier die Toilette? Samahani, choo kiko wapi hapa? W yao isome kama v yetu, "vo". Kwao swali hili halina aibu yoyote, mzee na kijana huliuliza vilevile. Ukiingia mgahawani na hukununua kitu, omba ruhusa kwanza: Darf ich bitte Ihre Toilette benutzen? Tafadhali, naweza kutumia choo chenu? Hilo Ihre, "chenu", ni la heshima. Mtu mzima usiyemjua usimwite du, "wewe" ya waliozoeana, ni sawa na kumpita mkubwa hapa mtaani bila shikamoo.

Basi atakujibu, na atakujibu haraka. Links kushoto, rechts kulia, geradeaus nenda moja kwa moja, die Treppe runter shuka ngazi. Usipomwelewa usitikise kichwa ukaondoka, ndivyo nilivyopotea mimi siku nyingine. Mwambie Noch einmal, bitte, langsam, naye atarudia polepole.

Mlangoni utakuta Damen, wanawake, na Herren, wanaume. Kiingereza chako kisikuponze hapo: Herren linaanza kama "her" ya Kiingereza, ya mwanamke, lakini huo si mlango wako. Pengine huandikwa herufi tu, D na H. Besetzt kuna mtu ndani, frei hakuna. Drücken sukuma, ziehen vuta. Ukiona defekt au außer Betrieb, kimeharibika, tafuta kingine.

Stesheni nyingi choo ni cha kulipia, kwa hiyo usikae bila sarafu. Ukibaki na noti tupu, mwombe mtu akuchenjie: Können Sie mir bitte fünf Euro wechseln? Tafadhali, unaweza kunichenjia euro tano?

Halafu maji, mwanangu. Vyoo vyao vingi ni vya karatasi, maji ya kuchambia huyakuti. Uwe na chupa tupu mkobani, uijaze kwenye sinki kabla hujaingia. Kwenye treni utaona bomba limeandikwa Kein Trinkwasser. Hayo si ya kunywa, usithubutu hata kama kiu imekukamata, ila kwa kujisafisha hayana neno. Mtu akikutazama na chupa yako, mwache atazame.

Chupa nimekununulia, ndogo, ya kifuniko kigumu. Inakuja na mzigo wako kwenye basi la kesho asubuhi, imo katikati ya khanga mbili.

Jumamosi nikikupigia, usianze na habari za huko. Niulize choo kiko wapi, kwa sauti kamili, bila kusoma daftarini. Nami nitakujibu haraka kama wao.

Mama yako