Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TIRDO: rangi ya ubuyu wetu

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: KUOMBA UTAFITI WA RANGI YA ROZELA KWENYE UBUYU

Salaam. Sisi tunaopika ubuyu huku Temeke siku hizi wazazi wanatuuliza: hiyo rangi ni ya nini? Ni ya unga, ya dukani. Sisemi ni sumu, zilizoruhusiwa zimeruhusiwa. Ila Januari 2025 Marekani ilifuta ruhusa ya erithrosini, ile nyekundu namba 3, kwenye vyakula, na Umoja wa Ulaya tangu 2010 unataka vyakula vyenye rangi sita za viwandani, tatrazini ikiwemo, vibandikwe onyo kuhusu watoto. Habari hizo mteja anazo kwenye simu yake.

Rozela, ile ya juisi nyekundu, tunayo, na ikichemshwa wekundu wake unapendeza kuliko wa dukani. Tatizo haudumu. Ikikaa sana kwenye shira jikoni inaelekea udhurungi, na pakiti zikitundikwa kibandani juani zinapauka.

Rangi yenyewe ni anthosianini, nayo hupenda uchachu: ukiikamulia ndimu inakolea, ukiitia magadi inageuka buluu, kisha inaharibika. Ungedhani basi ubuyu, kwa ukali wake, ndiyo makao yake. Kumbe ubuyu huohuo umejaa vitamini C, na penye hewa vitamini C na anthosianini huharibiana. Hapo ujuzi wa sufuria umegota.

Njia zinazojulikana zipo. Rangi inaweza kukaushwa kwa kunyunyizwa pamoja na gundi ya mgunga, kila chembe ikavikwa ganda la kuilinda. Kuna pia viazi vitamu vya zambarau, ambavyo anthosianini zake huvumilia joto na mwanga kuliko za rozela. (Bitiruti tuiache, moto unaiumbua.) Lakini mashine ya kukausha kwa kunyunyiza hatuna, wala kipimo cha rangi zaidi ya macho.

Tunaomba maabara yako ijaribu kwenye ubuyu wenyewe, si kwenye maji ya chupa: ndani ya pakiti angavu, katika joto la Februari la hapa Dar, hadi ijulikane wekundu unakaa wiki ngapi. Majibu yaje kwa vijiko na kilo. Na bei tuambiwe ilivyo, maana anayeuza pakiti ya shilingi mia hana pa kuficha gharama.

Ubuyu wa majaribio tutauleta wenyewe, wa iliki na wa pilipili.

Wako,
Mpika ubuyu, Temeke