Nekesa, hizo kompyuta zisiuzwe

Kisumu, Jumatano usiku

Nekesa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Hatujambo, Mama amepata nafuu na anakusalimu. Mvua imerudi na stima inapotea kila ikinyesha, kwa hivyo naandika mbiombio. Mambo ya harusi ya Brenda tutayamaliza kwa simu.

Ujumbe wako umeninyima usingizi. Eti Jumamosi shemeji anawapa watu wa chuma chakavu kompyuta zote tatu, kwa bei ya kilo, kwa kuwa fundi amesema zimekufa? Hazijakufa! Kilichokwisha ni mfumo unaoziendesha, Windows 10. Microsoft walisitisha huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025, nayo Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, ambazo mashine zenu hazina. Lakini vyuma viko sawa. Mwambie shemeji angoje kidogo, nakuomba sana. Ziwekeeni Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ni bure, ila iko ya aina nyingi, kila mashine na ya kwake. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanachukua moja iliyosifiwa na kuilazimisha kila mahali.

HP ya shemeji isikupe wasiwasi. Prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 ni mali bado. Iwekeni Linux Mint yenye sura ya Cinnamon. Menyu iko chini kushoto kama alivyozoea, LibreOffice imo tayari na inafungua faili zake za Word na Excel, na Mint 22 itapata masasisho hadi 2029. Ikiwa waifai haitaonekana (HP za miaka ile nyingi zina kadi ya Broadcom, nazo ni visirani), chomekeni simu kwa waya wa USB, mshiriki bando, halafu Mint itafute draiva yenyewe.

Ile Dell OptiPlex 780 ya dukani ina GB 2 tu. Wenyewe wa Mint wanasema GB 2 ndiyo ya chini kabisa na 4 ndiyo ya kustarehe, basi tafuteni RAM ya DDR3 ya mtumba, kisha mtumie Mint yenye sura ya Xfce, iliyo nyepesi. Pesa zikitosha kitu kimoja zaidi, nunueni SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka. Hakuna Linux itakayoipa ile mashine kasi kuliko hiyo. Na ule ugonjwa wa kuamka kila asubuhi ikidhani ni 2009, tovuti zikikataa kufunguka, si virusi kama alivyosema fundi. Ni kile kibetri cha duara ndani, CR2032, kimeisha. Saa ikirudi nyuma, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika, na kivinjari kinagoma. Betri yenyewe inauzwa hata kwa mafundi wa saa.

Sasa kale ka Acer ka Tabitha. Hako ndiko kananiuma. Prosesa yake ni Atom N270, nayo ni ya biti 32 pekee, muundo wa zamani; kompyuta za sasa ni za biti 64. Andikeni lscpu kwenye dirisha la amri la Linux mtaiona imeandikwa hapo, 32-bit, basi. Mlango huo unafungwa kila upande. Mint ya kawaida iliacha biti 32 tangu toleo la 20, Debian 13, Linux nyingine iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake, na toleo la mwisho la kawaida la kivinjari cha Firefox cha biti 32 kwa Linux lilikuwa la 144. Lakini antiX 23, Linux nyepesi, ina toleo la biti 32, na ndiyo ningeiweka bila kusita, hata kwa RAM ya GB 1.

Ila mwambieni mtoto ukweli mapema. Hakataweza YouTube wala masomo ya video, na asiingize nywila za maana humo. Kataandika insha, katasoma PDF, katapiga nyimbo za kwaya. Kwa msichana anayependa kuandika kama yeye, kompyuta isiyomvuta mtandaoni naiona ni zawadi, na nasema hivyo kwa moyo wangu wote.

Na huyo mpwa wako asiyeisha kutaja Kali, Linux ya wapima usalama wa mitandao, aachwe nje ya jambo hili! Hata waundaji wa Kali wanasema haimfai mtu anayeanza Linux wala anayetaka kompyuta ya kawaida ya nyumbani. Akihamia Arch, Linux nyingine, mwambie waliacha biti 32 mwaka 2017, na masasisho yake ya kila mara yatawamalizia bando.

Nitawatumia flashi moja yenye Ventoy (programu ya kuwashia mifumo kadhaa kutoka flashi moja), Mint zote mbili na antiX zikiwa ndani. Dell na Acer mbonyeze F12 zinapowaka, HP ni Esc kisha F9. Jaribuni kwanza kutoka kwenye flashi bila kusakinisha. Sauti, waifai, kibodi, vyote mvione vikifanya kazi. Diski haiguswi mpaka mkubali wenyewe.

Sasa nijibu. Picha za mazishi ya Guka zimeshanakiliwa kwingine, au bado ziko kwenye HP pekee? Chaja ya Acer ipo? Printa ya dukani ni aina gani? Tabitha mwenyewe ameulizwa kama anataka kakae au kaende? Na shemeji, ameshapokea pesa ya hao watu au ni maneno tu? Nikiiweka flashi kwenye matatu ya asubuhi ya Ijumaa, nani ataipokea steji hapo Nakuru?

Nijibu leo leo.

Wako,
Akinyi