Mafundi, msitufungulie milango yote ya Linux

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi kompyuta wa huku Moshi na Arusha kuhusu hizi programu za Linux zinazokuja kwa Flatpak, yaani njia ya kusakinisha programu huku kila moja imefungiwa peke yake.

Mi nina steshenari Majengo, kompyuta zote natumia Linux. Juzi mteja kaja na flashi yenye vyeti vya kuombea kazi, programu ya PDF ikawa haioni flashi kabisa, nikamuita fundi, akapiga amri moja flashi ikatokea, akachukua hela yake akaenda. Jioni nafungua Flatseal, programu ya kuonyesha ruhusa za Flatpak, nakuta programu ile imepewa mafaili yote ya mashine pamoja na D-Bus yote ya mtumiaji, yaani njia ambayo programu zinaongelea zenyewe kwa zenyewe. Nilishtuka jamani, kwenye ile mashine mna vitambulisho na vyeti vya watu!

Ziko hivi. Flatpak inaifungia programu chumbani kwake, ni kama mgeni anayekaa barazani, akitaka kitu anaagiza, mwenye nyumba anamletea. Inataka faili? Inaomba kwa portali, yaani huyo mwenye nyumba anayepokea maombi, dirisha la kuchagulia linaletwa na mfumo wenyewe sio na programu, wewe unachagua, yenyewe inapewa hilo faili ulilochagua basi. Na ikitaka kuongea na programu zingine kwenye D-Bus, maongezi yanapita kwa proksi inayochuja nani aongee na nani. Sasa ukiiachia D-Bus yote hakuna kuchuja tena, inaweza kuagiza amri yoyote iendeshwe nje ya chumba, hapo sandboksi, yaani hicho chumba, imebaki jina tu.

Portali ina usumbufu wake, nakubali. Ukurasa wa intaneti uliousevu unafunguka bila picha, kwa sababu programu imepewa faili moja na picha ziko kwenye folda ya pembeni. Halafu kuna programu kama hii yangu ambazo hazitumii portali, zina dirisha lao la zamani. Lakini dawa yake ni kuipa folda ya flashi peke yake, tena mwishoni mwa jina la folda malizia na :ro isome tu isiandike.

Mi nimeshafuta ruhusa zote alizoongeza fundi kwa flatpak override --user --reset na jina la programu, nikairudishia folda moja, na flashi inasoma vizuri tu. Kwa hiyo fundi, kabla hujaondoka piga flatpak override --user --show na jina la programu, mwonyeshe mwenye duka ulichofungua, mwandikie hata nyuma ya risiti.

Mwenye steshenari,
Majengo, Moshi