Mwanangu, mwaka huu tunaenda kwa ng'ombe bila wewe

Mwanangu,

Nimetoka zamu sa hizi, sijalala bado, babako yuko jikoni anatafuta lile begi la State Fair na anauliza nani amelihamisha, nami najua liko juu ya kabati pale pale alipoliweka mwaka jana. Kesho kutwa tunaenda, ile shoo kubwa ya kilimo ya hapa Minnesota. Ni mara ya kwanza haupo tangu ukiwa na miaka miwili mgongoni mwangu, ukiacha 2020 ambapo hakuna aliyeenda. Ndugu yako ameniuliza kama bado tunaanza na banda la ng'ombe ama sasa ni zamu yake kuchagua, nikamwambia tunaanza na ng'ombe, halafu nikakaa nikafikiria, kumbe sijawahi kuwaambia ni kwa nini.

2009 nilikuwa na miezi kumi tu Minnesota. Babako alikuwa na kazi mbili, mimi nafanya usiku kwenye nyumba ya wazee. Kulikuwa na mzee mmoja pale, mkulima wa maziwa maisha yake yote, si mtu wa maneno mengi, mimi ndiye nilikuwa namgeuza usiku na kumpa maji. Siku moja akaniuliza kwetu tunafuga nini. Nikamwambia babangu ana ng'ombe wawili wa gredi. Wee, usingizi ulimtoka kabisa! Wanatoa lita ngapi, wanakula nini, nani anawakamua, tukaongea mpaka karibu kuche. Tangu nifike Marekani hakuna mtu alikuwa ameniuliza kitu ambacho mimi najua jibu lake. Akaniambia mwisho wa Agosti niende State Fair na nisianze na chakula, nianze na ng'ombe.

Basi nikatoka zamu asubuhi, nikakuchukua kwa jirani, nikakufunga na leso, tukapanda yale mabasi ya bure mpaka Falcon Heights, kwenye uwanja wa shoo. Watu kama siafu. Sikumjua hata mmoja. Nikauliza ng'ombe wako wapi nikaonyeshwa, na nilipoingia tu, mwanangu, ile harufu! Mavi ya ng'ombe, nyasi kavu, maziwa. Vijana wa 4-H, kile chama cha vijana wanaofuga na kulima, wamelala kwenye majani kando ya ng'ombe wao, kofia usoni, vile tu wajomba zangu walikuwa wanalala kwenye shoo ya kilimo ya ASK kule Kisii, Kenya. Guka yako alikuwa anatupeleka kila mwaka, tunatoka nyumbani alfajiri kwa miguu, na hakuna pembea wala soda mpaka kwanza tusimame naye mbele ya ng'ombe wa Magereza, aangalie kiwele polepole kama mtu anasoma gazeti. Nilikaa chini kwa nyasi nikalia. Wewe ukaamka, ukanyoosha mkono ukamshika ng'ombe pua. Mama mmoja mzungu mwenye buti za matope akaniletea kiti, hakuniuliza kitu, akarudi kumpiga ng'ombe wake brashi.

Ndio maana tunaanza pale. Ile ndiyo siku nilijua naweza kuishi hapa.

Sasa kuna jambo lingine nimelibeba miaka mingi. Unakumbuka ukiwa na miaka tisa, ile siku ulitaka ndoo ya kuki za Sweet Martha nikakataa, ukataka kuteleza ile slaidi kubwa na gunia nikakataa, ukalia, nikakukaripia mbele ya watu kwa Kiswahili na sauti kubwa? Asubuhi hiyo nilikuwa nimepigiwa simu kwamba nyanya amelazwa na hospitali inataka pesa kwanza. Nilituma zote. Tulibaki na za kuingilia na mahindi mawili. Babako alisema tusiende mwaka huo nikakataa, mimi ndiye nilikuwa naihitaji siku ile kuliko nyinyi, halafu hasira ya pesa nikaimwaga kwako. Hukuwa na kosa hata kidogo. Nisamehe, mama.

Na bado siku hiyo hiyo tulisimama kwa Miracle of Birth, lile banda wanyama wanazaa watu wakiona, kama saa mbili nzima, kwa sababu kuangalia hakulipishwi, na yule ng'ombe alizaa macho yako yakiona. Ulinyamaza kimya. Kwa basi ukaniuliza daktari alijuaje kwamba mguu wa ndama umekaa vibaya. Leo uko chuo kule Ames, Iowa, unasomea wanyama, na mimi kila nikiona ada nakumbuka yale mahindi mawili.

Mahindi nayo! Babako ameshanunua ndimu na pilipili. Anasema mahindi ya hapa ni matamu sana kama keki, halafu wanayachovya kwenye siagi, kwa hivyo lazima ayarekebishe. Atasimama pia atuambie ile hadithi yake, ati Roosevelt alikuwa hapa hapa tarehe 2 Septemba 1901 akiwa makamu wa rais, akasema ongea polepole na ubebe fimbo kubwa, na siku 12 baadaye akawa rais. Ndugu yako ameapa atamsaidia kuimalizia. Mimi naipenda ile hadithi. Mwanaume aliyefika nchi ya watu na sanduku moja, leo anawaeleza watoto historia ya mahali kama yake.

2020 ndiyo sitaki kuiongelea sana. Shoo ilifutwa kwa sababu ya Covid, mara ya mwisho kufutwa ilikuwa 1946 kwa sababu ya polio, na sisi kazini tulikuwa tunawapoteza wazee. Nilirudi asubuhi moja nikakuta umepanga gereji yote, ng'ombe wa maboksi, na kichwa cha ndugu yako umekichonga kwenye pakiti ya siagi kama wale wasichana wa Princess Kay, yale mashindano ya malkia wa maziwa, wanavyochongwa kwenye siagi ya ratili 90 ndani ya kile chumba cha baridi. Ulikuwa na miaka 13. Ukanipeleka kwanza kwa ng'ombe. Nilidhani ni mazoea tu, lakini sasa nafikiri ulikuwa unajua.

Najua klasi zimeanza na sikuambii uje. Ingawa ni barabara ya I-35 moja kwa moja, mwendo wa masaa matatu na nusu hivi, mimi nimesema tu. Na hao wa Iowa nasikia kwenye State Fair yao wana ng'ombe mzima wa siagi tangu 1911, mwaka ujao tukija kukuleta mapema tutaenda kumwona wote, ila babako anataka kwanza aone kama kiwele wamekifanya sawasawa.

Ndoo ya kuki tutakutumia, za juu zitakuwa zimeliwa. Tukifika kwa banda nitakupigia video, itakuwa kitu saa moja na nusu asubuhi, kama umelala amka. Nitaigeuza simu uwaone kwanza wale ng'ombe wa Brown Swiss unaowapenda, usiongee, angalia tu.

Mamako